Gramu Mia Tisa

Saa nne na robo asubuhi Afande alikuwa amekaa kwenye kibanda namba kumi na saba, ghorofa ya tatu, ameshika kalamu na daftari, na hakuwa ameelewa kitu hata kimoja.

Hakuwa askari na hakuwahi kuwa. Alikuwa mwanamke, mkuu wa ulinzi wa jengo lile la biashara. Jina la Afande alipewa na wauza simu wa chini kwa sababu ya buti zake nyeusi, ambazo husikika kwenye ngazi kabla mwenyewe hajaonekana. Kesi alizozizoea zilikuwa za simu kuchomolewa mifukoni, kufuli kukatwa, wapangaji wawili kugombea ukuta mmoja. Kompyuta alizijua kwa nje tu, kama mtu anavyoijua sebule ya jirani ambaye hajawahi kumkaribisha.

Asubuhi ile Mwenyekiti wa kamati ya wafanyabiashara alikuwa amemwita ofisini.

"Kamati inakaa saa kumi," alimwambia. "Yule fundi Bisibisi kama ameiba, anarudisha funguo za kibanda leo leo. Kama hajaiba, nataka kujua kwa nini kifaa kimebadilika. Usiniletee 'labda'. Labda ninazo za kutosha."

Kisha akamkabidhi barua ya mashitaka. Ilikuwa karatasi moja ya daftari, mwandiko mkubwa, kalamu imekandamizwa mpaka imetokeza nyuma. Mwandishi wake alikuwa Shangazi wa mteja. *Mimi nilinunua kifaa kizima cha umeme cha kompyuta. Fundi akatuwekea kopo. Amedanganya ukoo mzima. Hafai kukaa na watu. Atoke.*

Sasa fundi mwenyewe alikuwa mbele yake. Mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, bisibisi nyuma ya sikio. Jina lake lilitokana na hiyo bisibisi, na wapangaji wengi hawakulijua lingine. Alikuwa amempisha Afande kwenye kigoda chake, yeye akakalia ndoo iliyogeuzwa. Juu ya kigoda palikuwa na blanketi dogo la kijivu lililokunjwa mara nne.

"Kaa vizuri, Afande. Hicho kigoda kikiwa kitupu kinauma."

Juu ya meza ilikuwa kompyuta yenyewe, ubavu wazi. Afande aliitoa asubuhi ile kibanda cha tatu kutoka pale, kwa fundi mwingine aliyeifungua na kugundua kasoro.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua," Afande alisema.

"Unajua kiasi gani, nianzie hapo?"

"Anzia chini ya hapo."

Bisibisi akatoa bisibisi sikioni, akaitumia kama fimbo ya mwalimu. Prosesa ndiyo inayofikiri. Bapa lile kubwa ni mazabodi, kila kitu kinachomekwa hapo. Vile vijiti viwili ni ram, ndiyo meza ya kufanyia kazi; diski ndiyo kabati la kuhifadhia. Kadi ya picha ndiyo inayochora. Na kule chini, kwenye kona, kisanduku cheusi chenye feni.

"Pawasaplai. Inapokea umeme wa ukutani, inawagawia hawa wote. Ikiwa dhaifu, wakianza kazi nzito kwa pamoja, inashindwa. Kompyuta inazima."

Afande alichora duara sita, akaandika majina, akachora mishale. Alipoangalia mchoro wake ulionekana kama buibui aliyekanyagwa.

"Na hii ndiyo kopo?"

"Ndiyo hiyo. Imeandikwa wati mia sita na hamsini, lakini ndani hakuna mia sita na hamsini."

"Umejuaje bila kuifungua?"

"Ni kazi yangu kujua."

"Ulifunga wewe?"

"Nilifunga kilicholetwa."

"Kilikuja kwenye boksi?"

"Boksi zima, gundi haijaguswa. Tena kilibebwa kwa heshima zote. Nilifunga kilicholetwa, Afande."

"Basi ukijua ni kopo, ulifungaje?"

Fundi akaanza kukaza parafujo ambayo ilikuwa imekaza tayari.

"Nilifunga kilicholetwa," akasema mara ya tatu.

Afande akaandika: *Mara tatu.* Hakuandika kingine, maana hakujua kingine cha kuandika.

*

Mteja alikuja saa tano, akiwa ameomba ruhusa kazini. Alikuwa dada kijana, mchoraji wa ramani za nyumba, mwenye vidole vilivyokaa kama vinashika penseli hata mikono ikiwa mitupu. Afande alimhoji kwenye ofisi ya ulinzi, chumba cha meza moja na viti viwili visivyolingana urefu. Mchoraji alipewa kirefu.

Aliweka mezani karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo.

"Hii ndiyo orodha yangu. Wiki sita, dada. Wiki sita nachagua."

"Wiki sita kununua kompyuta?"

"Sikununua kompyuta, nilichagua vipande. Ukiikuta imeshaunganishwa dukani, wanakuwekea kimoja kizuri cha kukuonyesha na vingine vya kukunyamazisha. Mimi nina uwezo wa kati. Sasa uwezo wa kati ndio unaotesa, kwa sababu tajiri anachukua vyote vya juu, asiye nacho anachukua vyote vya chini, wa kati lazima aamue aumie wapi."

"Wewe uliumia wapi?"

Mchoraji akashusha kidole kwenye orodha. Prosesa aliitaka ya juu, akashuka ngazi moja ili abakize ya kadi ya picha. Kasha alichukua la bati tupu. La kioo na taa za rangi alilikata, akaandika pembeni *sichezi disko*. Ram alichukua vijiti viwili, akaacha nafasi mbili wazi za siku za mbele. Chini kabisa paliandikwa pawasaplai, na chini ya neno hilo palipigwa mistari miwili, na maneno *hapa tusibane*.

"Halafu ukaenda kununua."

"Hapana. Kwetu mtu akianza kazi yake mwenyewe, ukoo unamchangia. Na hatuchangii pesa, tunachangia vitu. Baba mdogo anasema pesa haina sura, lakini kitu ukikitoa, kila ukipita unakiona unasema kile changu. Basi niliisoma orodha sebuleni, kila mtu akachagua kipande chake. Watu sita; aliyechukua ram akafungasha na diski."

"Pawasaplai ikachukuliwa na nani?"

"Shangazi. Ndiye dada mkubwa wa baba. Alinyang'anya karatasi, akasema palipopigwa mistari miwili ni pa mkubwa." Mchoraji akatabasamu, kisha tabasamu likakatika. "Jumamosi tukaja wote, kila mtu na boksi lake. Bisibisi akaunganisha mbele yetu. Ikawaka. Tukaondoka na kompyuta na maboksi yote, nilitaka kuyatunza kwa ajili ya waranti. Nyumbani ikafanya kazi. Nafungua barua, sawa. Nachora ukuta, sawa. Nikiizungusha nyumba niitazame kwa nyuma, pyaa! Giza."

"Ukairudisha kwa Bisibisi?"

"Nilitaka. Lakini kuna jambo alinifanyia siku ile, sikulielewa." Akainama mbele. "Wakati tunatoka, wenzangu wameshatangulia, alinivuta pembeni. Akaniambia, 'Ikizima, niletee mimi kwanza. Wewe peke yako. Usiipeleke kwa mwingine.' Hebu fikiria. Kompyuta mpya, haijazima hata mara moja, mtu anakwambia ikizima. Nilipomsimulia Shangazi, alisimama bila kushika kiti. Akasema, mwizi ameshajua pa kuja kuficha. Ndiyo tukaipeleka kwa fundi mwingine, yule wanayemwita Daktari."

Afande aliandika maneno yale kama yalivyosemwa. *Ikizima. Mimi kwanza. Wewe peke yako.* Aliyasoma mara mbili. Yalikuwa maneno ya mtu anayejua, na anayejua huwa amefanya. Au huwa ameona. Akaweka alama ya kuuliza, akaifuta, akairudisha.

*

Daktari alikuwa na kibanda kikubwa kuliko vyote ghorofa ile, na koti jeupe. Kompyuta aliziita wagonjwa, na wenye kompyuta aliwaita ndugu wa mgonjwa.

"Huyu aliletwa kwangu amekwisha kufanyiwa upasuaji," alisema. "Nilifungua ubavu tu, nikasema, jamani, figo si lake."

Afande alijua jambo moja kuhusu Daktari: mwaka mzima alikuwa akiomba kuhamia namba kumi na saba, kwa sababu ndicho kibanda pekee chenye dirisha.

"Mgonjwa alikaa kwako siku ngapi?"

"Siku mbili."

"Siku mbili zinatosha kubadilisha figo."

Daktari hakukasirika. Aliinua mikono kama anayepimwa shati. "Muulize mteja. Nilimfungua mbele ya macho yake na ya shangazi yake, saa saba mchana, hata dakika tano hazijapita tangu waweke mezani. Kopo walilikuta wenyewe. Kibanda nakitaka, sikatai. Lakini sikitaki kiasi hicho."

Afande alitoka nje, akampigia Mchoraji. Ilikuwa kweli. Akarudi ndani, amepungukiwa na mtuhumiwa mmoja na hana furaha nayo.

"Sasa nionyeshe hicho ambacho kilipaswa kuwemo."

Daktari akatoa rafuni pawasaplai nyingine, ile ile iliyoandikwa kwenye orodha, akamwekea mkono wa kulia. Ile ya kwenye kompyuta ilikuwa imechomolewa mbele ya macho ya Afande, naye akaja nayo; Daktari akaipokea. Akamwekea mkono wa kushoto.

"Huhitaji shule kwa hili, Afande. Shika tu."

Mkono wa kulia ulishuka. Wa kushoto ulibaki pale pale.

"Nzuri ina shaba na vyuma ndani. Kopo lina feni na upepo."

Afande alisimama pale amebeba vile visanduku viwili, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa ameshika kitu anachokielewa. Uzito. Jengo lile lilikuwa na daftari zima la uzito.

"Naondoka navyo vyote viwili," akasema, na buti zikaanza kusikika kwenye ngazi.

*

Lifti ya mizigo ilikatika waya mwaka uliopita ikiwa na friji tatu. Haikuua mtu, lakini iliua imani ya kamati. Tangu siku hiyo hakuna mzigo unaopanda wala kushuka bila kupimwa na kuandikwa, hata kama ni ndoo ya misumari. Aliyepima alikuwa mzee mmoja mwenye miwani ya kamba, aliyeitwa Mzee wa Mizani. Watu walimcheka kwa sababu aliwahi kupima keki ya harusi, kisha akapima na sahani yake.

"Jumamosi, kibanda kumi na saba," Afande alisema.

Mzee akalamba kidole, akafunua. "Huu hapa. Saa tatu na nusu asubuhi, kuingia. Kilo kumi na nne na gramu mia mbili. Saa kumi jioni, kutoka, kompyuta moja na maboksi yake yote. Kilo kumi na tatu na gramu mia tatu."

"Ulipima kimoja kimoja?"

"Vyote kwa pamoja kwenye toroli. Mimi napima lifti itabeba nini, sipimi urithi."

Afande akatoa. Alifanya hesabu pembeni ya buibui wake, polepole, akikopa moja kama alivyofundishwa.

"Zimebaki gramu mia tisa humu ndani."

"Zimebaki."

"Mzee, nipimie hivi viwili."

Pawasaplai nzuri: kilo moja na gramu mia tisa. Kopo: kilo moja kamili.

Wote wawili waliitazama mizani. Mzee akavua miwani, akaifuta, akairudisha usoni.

"Mia tisa," akasema. "Hesabu imefunga, mwanangu. Iliingia nzito, ikatoka nyepesi. Mkamate."

Afande alifunga daftari lake. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasorobo. Angeweza kupanda kwa Mwenyekiti wakati ule ule, ampe jibu lisilo na labda, kisha akale. Badala yake aliomba daftari la Mzee, akalisoma mwenyewe, mstari wote, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kulikuwa na safu ya mwisho, nyembamba, ambayo Mzee aliijaza kwa herufi ndogo kama punje za mtama.

"Hapa umeandika nini?"

Mzee akasogeza pua karibu. "*Mizigo sita, mmoja umevaa.*"

"Umevaa nini?"

"Blanketi!" Mzee akacheka. "Mama mmoja mtu mzima alibeba boksi lake limefungwa blanketi, kalikumbatia hivi, kama katoka wodi ya wazazi. Nikamwambia, mama, vua hiyo nguo nipime. Akaniambia, 'Pima hivyo hivyo, hujaona mtoto akipimwa na nguo zake?' Nikapima na blanketi."

"Na jioni lilipotoka?"

"Jioni..." Mzee akaangalia safu ile. Ilikuwa tupu. "Jioni sikuona blanketi."

"La rangi gani?"

"Kijivu."

Afande alijipapasa nyuma ya suruali bila kujijua. Alikuwa amelikalia blanketi lile saa nne asubuhi.

*

Bisibisi alimwona akija, akainuka kumpisha. Safari hii Afande hakukaa. Alichukua blanketi, akalitia kwapani, akashuka nalo bila neno. Alipofika kwenye mizani alilikunjua, akalikung'uta, ili mtu asije akasema ni vumbi.

Gramu mia tisa.

"Subiri," alisema Mzee wa Mizani. "Subiri kwanza."

"Nasubiri."

"Pengo la pawasaplai ni mia tisa. Blanketi ni mia tisa. Sasa iliyobaki ni ipi?"

Afande alijiinamia juu ya daftari. Huko nyuma alikuwa hana jibu. Sasa alikuwa nayo mawili, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliandika, akakata. Akaandika tena. Mpangaji wa ghorofa ya pili alikuja na magunia ya nguo, akaambiwa asubiri. Alipouliza kwa nini, Mzee alimwambia, "Tunapima blanketi," yule mtu akaenda kutumia ngazi.

"Twende taratibu, Mzee. Blanketi liliingia?"

"Liliingia. Nimeliandika."

"Lilitoka?"

"Halikutoka. Umelitoa juu wewe mwenyewe sasa hivi."

"Basi kwa blanketi peke yake, mzigo lazima upungue mia tisa."

"Lazima."

"Na kama Bisibisi angebakiza na pawasaplai nzuri, akaweka kopo lake, ungepungua mia tisa nyingine juu ya hiyo. Jumla kilo moja na mia nane."

Mzee akahesabu kwa midomo. "Lakini ulipungua mia tisa tu."

"Mia tisa tu. Nafasi ni moja, na imekaliwa na blanketi." Afande akanyoosha mgongo. "Hakuna kilichobadilishwa humu ndani. Kopo liliingia likiwa kopo."

"Limevaa blanketi," akasema Mzee.

*

Bisibisi alikuwa amebaki amesimama, kama mtu aliyesahau kukaa.

"Ulijua lini?" Afande alimuuliza.

"Nilipolipokea. Kabla hata ya kufungua boksi. Mkono ulijua."

"Ukafunga hivyo hivyo."

"Afande, ungekuwepo." Fundi alitoa bisibisi sikioni, akairudisha, akaitoa tena. "Watu sita humu ndani, mtu hapati pa kuweka mguu. Kila mmoja anakabidhi kipande chake, wengine wanapiga makofi. Yeye wa mwisho. Akafunua lile blanketi taratibu, akaniambia, 'Mwanangu, huu ndio moyo wa mashine ya mtoto wetu, nimeuchagua mwenyewe.' Makofi. Vigelegele mpaka kibanda cha Daktari wakachungulia. Nimwambie nini? Mama, umeuziwa kopo?"

"Ungemwambia mteja."

"Nilimwambia. Nilimwambia ikizima aje peke yake. Nilipanga nimtafutie nyingine, tubadilishe kimya kimya, mtu mzima asivuliwe nguo. Nikajua nina wiki moja au mbili. Sikujua atasimulia."

"Na jana ulipoitwa mwizi mbele ya jengo zima?"

"Nilisema nilifunga kilicholetwa."

"Hukusema kimeletwa na nani."

Afande aliandika, kisha akamsomea alichoandika, kwa sababu aliona ni haki yake kusikia.

"*Fundi hakuiba. Fundi alinyamaza.* Yote mawili yanakwenda kwa Mwenyekiti. La kwanza limekuokoa, la pili usilitegemee."

"Na Shangazi?"

"Saa ngapi sasa?"

"Tisa na nusu."

"Basi yuko njiani."

*

Alikuja saa tisa na dakika arobaini, na mpwa wake nyuma yake. Mama mrefu, mkoba ameubana kwapani kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi, na ndivyo alivyokuwa anakwenda. Afande alimsubiri penye mizani. Juu ya meza ya Mzee aliweka vitu viwili vilivyoviringishwa magazeti, vinavyolingana kwa ukubwa. Bisibisi alikuwa ameegemea ukuta, funguo mkononi, kama alivyoagizwa na kamati.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umemaliza upelelezi wako?"

"Bado kidogo. Swali moja tu nikuulize. Dukani walikuonyesha vifaa vingapi?"

"Viwili. Vyote vimeandikwa mia sita na hamsini, kama mtoto alivyoniandikia. Sikuongeza, sikupunguza."

"Vilifanana?"

"Kwa macho, mapacha."

"Ulichaguaje?"

Shangazi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa namna ya kuchagua nyanya. "Kwa mkono, binti yangu. Kitu huchaguliwa kwa mkono."

"Basi nichagulie na hapa."

Shangazi akampa mpwa wake mkoba. Akainua cha kwanza, akakirudisha upesi. Akainua cha pili, akakipandisha na kukishusha kiganjani, mara mbili. Uso ukalainika.

"Hiki."

Mzee wa Mizani akaangalia dari. Mchoraji akaweka mkono mdomoni.

"Kwa nini hicho?" Afande aliuliza.

"Hicho kingine ni cha zamani! Hamwoni? Televisheni yetu ya kwanza ilibebwa na wanaume wanne, mmoja akateguka. Ya sasa naishusha ukutani peke yangu nikifuta vumbi. Pasi zilikuwa za chuma, leo zinapaa. Simu vivyo hivyo. Dunia inakwenda inapungua uzito. Yule muuzaji alitaka kunipa kizito, nikamwambia, kijana, usinione mtu mzima ukanitupia masalia yako, nipe cha kisasa. Akacheka, akanipa."

"Alicheka?"

"Alicheka, akasema mama wewe mjanja..."

Shangazi akaishia hapo. Kitu kilikuwa bado kiganjani. Alikitazama, akamtazama mpwa wake, akamtazama Mzee wa Mizani ambaye bado alikuwa anaisoma dari.

"Shangazi," Mchoraji akasema taratibu.

"Usiniite kwa sauti hiyo. Sijafiwa." Akachana gazeti kwa kucha. Kisanduku cheusi, feni, mia sita na hamsini. Akakikung'uta karibu na sikio kama anayesikiliza yai bovu. "Hiki ndicho kilichotoka kwenye kompyuta?"

"Ndicho," alisema Afande.

"Na kilichoingia?"

"Ndicho hicho hicho."

Shangazi alimgeukia Bisibisi. "Wewe. Ulijua?"

"Nilijua, Shangazi."

"Ukanyamaza! Nimekuandikia barua nzima, nimekuita mwizi kwenye ngazi watu wanasikia, umenyamaza! Una nini wewe?"

"Mlikuwa mnapiga makofi," Bisibisi akasema.

Juu, mlango wa ofisi ya kamati ukafunguliwa. Sauti ya Mwenyekiti ikateremka ngazi: "Fundi wa kumi na saba! Aje na funguo!"

Bisibisi akajitoa ukutani. Shangazi akamzuia kwa kiganja kifuani, hata bila kumtazama. Alichukua blanketi lake la kijivu mezani, akalikunja mara nne, polepole, pembe kwa pembe, akamwekea fundi mikononi.

"Nishikie. Nikitoka nitalichukua."

Akapanda. Afande alipanda nyuma yake, na safari hii viatu vya Shangazi vilisikika kuliko buti. Ndani wajumbe watano walikuwa wamekaa, barua iko katikati ya meza. Mwenyekiti alianza kusema aliyeitwa si yeye. Shangazi hakungoja kiti.

"Ile barua yangu nataka isomwe upya," alisema, akiweka kopo juu yake. "Palipoandikwa fundi, someni shangazi."

Mwenyekiti alimtazama Afande. Afande akatikisa kichwa kukubali. 'Labda' hakuwa nayo hata moja. Mwenyekiti akavuta karatasi, akaisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, mpaka akafika mwisho akasita.

"Sasa mama, na hapa chini ulipoandika *atoke*?"

"Hapo msifute," alisema Shangazi. "Nitatoka. Mkimaliza kuandika, natoka, narudi kule dukani nikamwonyeshe yule kijana nani alikuwa wa kuchekwa. Naombeni na ile mizani ya chini."